Somo la Robo Mwaka: Kompyuta ya Usharika Inapokuwa Nzito



Katika ziara zetu za ufuatiliaji tumekuwa tukisikia lalamiko moja karibu kila ofisi tunayoingia: "Kompyuta yetu imechoka." Mhazini anaiwasha asubuhi, anakwenda kuchemsha chai, anarudi na kukuta bado haijafunguka. Katibu anabonyeza faili la muhtasari wa kikao, anasubiri, anabonyeza tena kwa hasira, na mwishowe faili lile lile linafunguka mara tatu. Taarifa ya robo mwaka inachelewa, na sababu inayoandikwa kwenye barua ni ubovu wa kompyuta. Baadhi ya kamati zimekwisha kuweka kwenye ajenda ununuzi wa kompyuta mpya.

Kabla hamjafikia uamuzi huo, tunaomba msome somo hili na kulijadili. Mara nyingine kompyuta nzito haihitaji kubadilishwa, bali inahitaji kupangwa upya ndani. Aidha, kuna wakati ambapo kuipanga ni hatari kubwa kwa kumbukumbu za usharika. Sisi wenyewe tulijifunza jambo hili la pili kwa gharama, na tutalieleza bila kuficha.

1. Nini kinatokea ndani ya kompyuta

Kila kompyuta ina mahali pa kutunzia mafaili hata umeme ukizimwa. Mahali hapo ni diski kuu, ambayo mafundi wengi huiita hadidiski. Katika kompyuta nyingi tulizopokea kama msaada, diski hiyo ni kifaa chenye sahani nyembamba zinazozunguka kwa kasi, na mkono mdogo wenye kichwa cha kusomea unaokwenda huku na huku juu ya sahani hizo. Teknolojia hii si ya jana. Diski ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa kibiashara ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, na zote pamoja zilitunza herufi milioni 5 tu. Leo picha moja kubwa ya simu inaweza kuzidi hapo.

Ili tuelewe tatizo, tufikirie ghala la mahindi la kikundi.

Msimu wa kwanza ghala ni tupu. Mwanakikundi wa kwanza analeta magunia 10, yanapangwa pamoja pembeni. Wa pili analeta 15, yanapangwa yakifuata. Wa tatu analeta 8. Kila mzigo uko mahali pamoja, na mtunza ghala akiitwa anakwenda moja kwa moja.

Baada ya miezi michache yule wa kwanza anauza magunia yake yote. Linabaki pengo la magunia 10. Anakuja mwingine na magunia 16. Mtunza ghala hataki kupoteza nafasi, kwa hiyo anaweka 10 katika pengo na 6 yaliyobaki mwisho wa ghala, kisha anaandika kwenye daftari: "10 mlangoni, 6 nyuma." Baada ya misimu mitano ya kuingiza na kutoa, mzigo wa mtu mmoja unaweza kuwa katika sehemu nane. Hakuna gunia lililopotea, maana daftari linajua kila kitu. Lakini mwenye mzigo akija kuuchukua, mtunza ghala anazunguka ghala zima huku watu wakingoja mlangoni.

Hivyo ndivyo diski inavyofanya kazi. Eneo lake limegawanywa katika visanduku vidogo. Kwa mpango wa NTFS unaotumiwa na Windows, kwa kawaida kisanduku kimoja hubeba baiti 4,096. Faili likiwa kubwa linahitaji visanduku vingi. Visanduku vilivyo wazi vikiwa vimetawanyika, faili nalo linaandikwa vipande vipande, na kompyuta inaweka daftari la kuonyesha kila kipande kiko wapi. Kazi ya kuvikusanya vipande hivyo na kuvipanga tena mfululizo ndiyo tutakayoiita kuunganisha mafaili. Kwenye kioo cha kompyuta mtaiona kwa jina la Kiingereza la "Defragment".

2. Kwa nini vipande vinachelewesha kazi

Hapa inafaa kutumia hesabu, kwa sababu kamati zetu zinapenda ushahidi.

Diski nyingi za kompyuta ndogo za kupakata huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa wastani kichwa cha kusomea husubiri nusu ya mzunguko mpaka kipande kinachotakiwa kipite chini yake, yaani milisekunde 5.5 hivi. Kabla ya hapo mkono ulibidi usogee hadi kwenye mstari unaohusika, safari inayoweza kuchukua milisekunde kama 12. Kwa hiyo kila kipande kinagharimu karibu milisekunde 18 kabla hata ya kuanza kusomwa.

Milisekunde 18 ni kitu kidogo sana. Lakini tuseme katibu anafungua faili la picha za mradi lenye ukubwa wa megabaiti 20, na diski inasoma megabaiti 50 kwa sekunde. Faili likiwa mahali pamoja litasomwa chini ya nusu sekunde. Likiwa limekatika vipande 500, mkono utatafuta mara 500, na muda wa kutafuta peke yake utakaribia sekunde 9. Faili ni lile lile na diski ni ile ile, tofauti ni mpangilio tu. Tena kompyuta inapowaka haifungui faili moja, inafungua mamia.

Ndiyo maana programu za kuunganisha mafaili zimekuwepo kwa miaka mingi. MS-DOS toleo la 6 lililotoka mwaka 1993 lilikuja na programu hiyo, na wengi wetu tunakumbuka ile ya Windows 95 na 98 iliyoonyesha visanduku vya rangi vikihama mmoja mmoja kwenye kioo. Tulikaa tukiitazama kama mtu anayeangalia moto wa jikoni.

3. "Lakini si hujifanya yenyewe?"

Swali hili tuliulizwa na kijana mmoja wa kwaya anayesomea kompyuta chuoni, na ni swali zuri. Ni kweli. Tangu Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa watu wote Januari 2007, kompyuta imewekewa ratiba ya kufanya kazi hii yenyewe kila juma. Katika Vista na Windows 7 ratiba ya awali ilikuwa Jumatano saa 7 usiku.

Sasa tujiulize: Jumatano saa 7 usiku kompyuta ya usharika iko wapi? Imezimwa tangu saa 10 jioni, imefunikwa kitambaa, na mlango umefungwa kufuli. Matoleo ya baadaye yanaweza kuifanya kazi hiyo wakati mwingine, lakini yanangojea kompyuta iwe imewashwa, iwe kwenye umeme, na iwe imetulia bila mtu kuitumia. Ofisi zetu huwasha kompyuta pale tu kazi inapokuwepo, na kuizima mara kazi inapokwisha, hasa panapotumika umeme wa jua au jenereta. Huo ni uangalifu mzuri wa matumizi ya umeme. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba kazi ya kupanga diski inaweza kukaa miaka bila kufanyika.

4. Kosa letu wenyewe

Miaka kadhaa iliyopita, ofisi yetu ya miradi ilikuwa na kompyuta moja ya mezani iliyotunza kumbukumbu za mradi wa maji: orodha ya kaya zilizochangia katika vitongoji vitatu, kiasi kilichotolewa, na tarehe. Kompyuta ilikuwa nzito kwa miezi. Kisha ikaanza kutoa sauti ndani, tak, tak, tak, hasa tunapofungua orodha hiyo. Tulisema ni vumbi. Mafaili mawili yakakataa kufunguka. Tulisema ni virusi.

Ijumaa moja jioni tuliamua kuunganisha mafaili. Tuliianzisha programu, tukafunga ofisi, tukaenda nyumbani tukiwa na furaha kwamba Jumatatu kompyuta itakuwa nyepesi. Jumatatu haikuwaka kabisa. Fundi aliifungua, akaisikiliza, akatuambia diski imekufa.

Nakala yetu ya mwisho ilikuwa kwenye flashi, nayo ilikuwa na umri wa miezi tisa.

Tulikwenda kwa kamati ya maji kuwaeleza. Mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Wanangu, fedha yetu ilikuwa ndani ya mashine, au iko benki?" Tulijibu kwamba fedha iko benki, salama, na taarifa ya benki tuliyokwenda nayo iliyathibitisha hayo. Kilichopotea ni majina ya waliotoa. Akasema, "Basi mmepoteza ushahidi wa wajane." Alikuwa na maana kwamba mwenye uwezo ana stakabadhi yake kabatini, lakini mama aliyetoa kidogo kidogo kwa miezi minane anategemea daftari letu.

Kilichotuokoa ni vishina vya vitabu vya stakabadhi, ambavyo mhazini wa kamati alivitunza katika sanduku la bati. Watu wawili waliingiza upya kishina kimoja baada ya kingine kwa majuma sita. Taarifa kwa wafadhili ilichelewa robo nzima. Baadhi ya kaya zilibidi zifuatwe nyumbani kuulizwa, na si kila mtu aliyetupokea kwa uso mkunjufu.

Tulikosea wapi? Turudi kwenye ghala. Ukiona sakafu ya ghala imeanza kutitia, hupangi magunia upya juu ya sakafu hiyo. Unayatoa nje kwanza. Ile sauti na yale mafaili yaliyokataa kufunguka vilikuwa dalili za sakafu kutitia. Kuunganisha mafaili kunaifanya diski isome na kuandika kwa saa nyingi mfululizo, na diski iliyo mgonjwa inaweza isiumalize usiku huo. Kazi yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuifanya kabla ya kutoa nakala, na kudharau dalili.

5. Hatua za kufuata

Hatua hizi zimeandikwa kwa kompyuta zenye Windows 8, 10 na 11. Kwa Windows 7 mambo ni karibu yale yale, ila maneno kwenye kioo yanatofautiana kidogo.

Hatua ya kwanza: Tambueni aina ya diski. Katika sehemu ya kutafutia andikeni dfrgui kisha bonyezeni Enter. Litafunguka dirisha lenye orodha ya diski. Angalieni safu ya "Media type". Ikiandikwa "Hard disk drive", hiyo ni diski ya sahani na somo hili linaihusu. Ikiandikwa "Solid state drive", hiyo ni SSD, na maelezo yake yako sehemu ya 6. Msibonyeze kitu kingine bado.

Hatua ya pili: Sikilizeni na mtazame. Je, kuna sauti ya kugonga inayojirudia? Je, kuna mafaili yanayokataa kufunguka, au kioo cha bluu kinachotokea mara kwa mara? Jibu likiwa ndiyo, simameni hapo. Toeni nakala ya mafaili muhimu siku hiyo hiyo, kisha mwiteni fundi. Msiunganishe mafaili.

Hatua ya tatu: Toeni nakala. Hata kama diski inaonekana nzima, nakala ni lazima. Tunapendekeza nakala mbili: moja kwenye diski ya nje inayokaa ofisini kabatini, nyingine inayokaa jengo tofauti, kwa mfano nyumbani kwa mhazini au ofisi ya jimbo. Kisha fungueni mafaili machache ya nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijajaribiwa ni tumaini tu. Kwa kuwa orodha za washarika, wanafunzi wanaofadhiliwa na wagonjwa ni siri, wekeni nenosiri, na mwandike nani anatunza nakala ipi.

Hatua ya nne: Safisheni. Ondoeni visivyo na kazi. Katika ofisi zetu tunakuta filamu, video za kwaya zilizonakiliwa mara nne, na programu za majaribio ambazo hakuna anayejua nani alizileta. Video za kwaya zinazotakiwa zihamishieni diski ya nje. Andikeni cleanmgr katika sehemu ya kutafutia ili kompyuta yenyewe iwasaidie kuondoa mafaili ya muda, lakini someni kila kipengele kabla ya kukubali. Mwishowe mwageni pipa la takataka la kompyuta, maana faili lililomo humo bado linachukua nafasi.

Hatua ya tano: Hakikisheni pana nafasi. Mtu hawezi kupanga ghala lililojaa hadi mlangoni, maana anahitaji sehemu ya kuwekea magunia kwa muda. Tangu enzi za Windows XP kipimo kinachotumiwa ni asilimia 15 ya diski iwe wazi. Kwa diski ya gigabaiti 160 ni gigabaiti 24, na kwa diski ya gigabaiti 500 ni gigabaiti 75.

Hatua ya sita: Pimeni kwanza. Rudini kwenye dirisha la dfrgui, chagueni diski ya C, bonyezeni "Analyze". Kompyuta itaonyesha ni asilimia ngapi ya diski iliyokatika vipande. Mwongozo wa Windows 7 ulishauri kuunganisha iwapo kiwango kinazidi asilimia 10. Kikiwa asilimia 2 au 3, msipoteze muda, tatizo lenu liko kwingine. Pimeni pia kwa saa ya mkononi: dakika ngapi tangu kubonyeza kitufe cha kuwasha hadi faili la kwanza kufunguka? Andikeni.

Hatua ya saba: Unganisheni. Fungeni programu zote. Kompyuta ya kupakata iwe kwenye chaja, ya mezani iwe kwenye UPS kama ipo. Bonyezeni "Optimize". Kazi inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kuchukua usiku mzima, kutegemea ukubwa na hali ya diski. Mkitaka kuisimamisha, tumieni "Stop", msichomoe waya. Umeme ukikatika msiogope kupita kiasi: programu hii hunakili kipande mahali papya kwanza, kisha ndipo hurekebisha daftari, kama mtunza ghala asiyefuta mstari kabla gunia halijatua. Lakini hiyo si ruhusa ya kuanza kazi siku ya mgao wa umeme.

Hatua ya nane: Zimeni, washeni, pimeni tena kwa saa, andikeni. Bila vipimo viwili hakuna anayejua kama kazi imeleta faida.

6. Pale ambapo kazi hii haitakiwi

Diski za SSD hazina sahani wala mkono. Kutafuta kipande kwenye SSD huchukua kama sehemu ya kumi ya milisekunde, kwa hiyo faili kuwa vipande vipande hakuleti uzito unaohisiwa. Zaidi ya hapo, sehemu za kutunzia kumbukumbu ndani ya SSD huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi, na kuhamisha mafaili bila sababu ni kuzichakaza bure. Mkibonyeza "Optimize" kwenye SSD, Windows kwa kawaida hufanya kazi nyingine nyepesi: huiarifu diski ni visanduku gani havitumiki tena. Iacheni ifanye hivyo, wala msinunue programu nyingine ya kuilazimisha. Flashi na simu za mkononi nazo haziunganishwi mafaili, japo kuna programu nyingi zinazotangazwa kwa ahadi hiyo.

Vilevile kuunganisha mafaili hakutibu kila uzito. Kompyuta yenye kumbukumbu ya muda kidogo, ile inayoitwa RAM, itabaki nzito. Yenye virusi itabaki na virusi. Na yenye Windows isiyopata tena marekebisho ya usalama itabaki katika hatari hata ikiwa nyepesi: utoaji wa kawaida wa marekebisho kwa Windows 7 ulikoma 14 Januari 2020, na kwa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025. Kamati zenye kompyuta za aina hiyo zilijadili suala hilo peke yake.

7. Mfano wa usharika mmoja

Usharika mmoja ulitualika kutoa ushauri kuhusu kununua kompyuta mpya kwa fedha zilizotengwa kwa bati za nyumba ya mwinjilisti. Kompyuta yao ilichukua dakika 9 kuwaka. Tuliikuta na diski ya sahani isiyo na dalili ya ugonjwa, imejaa karibu yote, na zaidi ya theluthi moja ikiwa vipande vipande. Tulitoa nakala mbili, tukahamisha video, tukaondoa programu saba zilizokuwa zikijiwasha pamoja na kompyuta, kisha tukaunganisha mafaili usiku kucha huku mlinzi akiombwa asizime swichi kuu. Asubuhi ilifunguka kwa dakika 3.

Hatutaki kuwadanganya: si dakika zote 6 zilitokana na kuunganisha mafaili. Sehemu kubwa ilitokana na zile programu saba na diski kupata nafasi. Lakini kazi zote hizo hazikugharimu shilingi zaidi ya nauli yetu. Bati zilinunuliwa, na mwinjilisti amehamia. Kamati iliazimia kwamba fedha ikipatikana watabadilisha diski tu na kuweka SSD, badala ya kubadilisha kompyuta nzima. Tunaona ni uamuzi wa busara, maana kwa kompyuta yenye umri wa kati mara nyingi SSD huleta wepesi kuliko kazi nyingine yoyote.

8. Ratiba tunayopendekeza

Kila Ijumaa: nakala ya mafaili ya juma kwenye diski ya nje.
Kila mwisho wa mwezi: nakala ya pili kupelekwa jengo lingine, na kumwaga pipa la takataka.
Kila robo mwaka: kusafisha, kupima vipande, na kuunganisha ikiwa vimezidi asilimia 10.
Kila mwaka: kamati kupokea taarifa ya hali ya kompyuta kama inavyopokea ya jenereta na pikipiki.

Kamati imteue mtu mmoja kwa jina na msaidizi wake. Jambo lililoachwa kwa watu wote kwa kawaida halifanywi na yeyote. Na vitabu vya stakabadhi viendelee kutunzwa. Kompyuta haikuja kufuta kishina cha karatasi.

9. Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa kompyuta mlizotuletea. Zimerahisisha kazi ambayo zamani ilifanywa kwa taipureta na karatasi ya kaboni. Tunaomba tu kwamba mnapopanga kutoa kompyuta, bajeti iwe pia na diski ya nje, UPS, na siku mbili za mafunzo kwa mhazini na katibu. Vitu hivyo ni vidogo ukilinganisha na bei ya kompyuta, lakini ndivyo vinavyolinda taarifa mnazozisubiri. Na ile taarifa yetu iliyochelewa robo nzima, sasa mnajua sababu yake ilikuwa uzembe wetu, wala si mvua kama baadhi yenu mlivyodhani. Tunaomba radhi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kompyuta yetu ina diski ya aina gani, na nani kati yetu ameithibitisha kwa macho?
2. Ikishindwa kuwaka kesho asubuhi, ni kumbukumbu za nani zitapotea, na tutazipata wapi?
3. Nakala yetu ya mwisho ni ya tarehe gani? Je, imewahi kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine?
4. Ni nani atakayesimamia ratiba hii, na atatoa taarifa kikao gani?

Mkishajadili, andikeni majibu katika muhtasari wa kikao na kutuletea nakala pamoja na taarifa ya robo ijayo. Usharika utakaohitaji msaada wa hatua hizi uwasiliane na ofisi ya miradi kupitia jimbo lake, nasi tutapanga siku ya kufika. Tunaomba jambo moja tu: tukifika, tukute nakala zimekwisha kutolewa.



Ofisi ya Uratibu wa Miradi